Mvinyo Ambao Kosi Hakuupeleka

"Chebet, njoo uone mume wako akimpigia magoti mwanamke mwingine."

Kerubo alisema hayo akiwa mlangoni mwa jikoni, mswaki mdomoni, simu mkononi. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, na Chebet alikuwa anapiga pasi gauni lake la ibada. Wakristo wa Doha husali Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko, na yeye alipenda kufika kanisani gauni likiwa bado na joto la pasi.

"Mimi sina mume."

"Basi njoo umwone huyo asiye mume wako. Haraka, inaisha!"

Chebet alicheka, akaiweka pasi wima, akaenda. Alipoiona ile video, kicheko kilimkauka.

Alikuwa Kosi kweli. Amepiga goti moja kwenye zulia jeupe, anamfunga msichana kamba ya kiatu. Alipomaliza hakuinuka. Aliinua macho tu, akamtazama yule msichana taratibu, kama mtu anayesoma ujumbe alioungoja siku nyingi.

Mtazamo ule Chebet aliujua. Alidhani ni wake.

"Anaitwa Uzoamaka," Kerubo alieleza huku akitema povu kwenye sinki. "Hii ni Nyumba ya Vioo, ile shoo ya Lagos. Vijana wanafungiwa ndani miezi mitatu, kamera usiku na mchana, na Nigeria nzima inapiga kura. Hawa wawili ndio waliotikisa. Mashabiki waliunganisha majina yao wakawaita Kosizo. Kuna fulana za Kosizo, dada. Kuna keki. Kuna watu wamewapa watoto wao jina hilo!"

"Na wewe ulijua haya yote ukanyamaza?"

"Nimejua jana! Wewe si ulikuwa unaniimbia tu, Kosi, Kosi, Kosi wa mizigo. Ningejuaje ni Kosi yupi? Lakini kuna mtu aliwapiga picha wewe na Kosi nje ya kanisa wiki iliyopita, akaibandika mtandaoni. Soma uone unavyotukanwa."

Chebet alisoma. Mmoja alimwita mwizi wa waume. Mwingine aliandika, "Hata wali hawajui kupika hao Wakenya, sasa wanataka na mwanamume wetu." Wakenya nao walikuwa wamejibu, na kutoka hapo ilikuwa vita.

"Umeanzisha ugomvi wa nchi mbili peke yako," Kerubo alisema kwa fahari kidogo. "Na mimi ndiye ninayekaa nawe nyumba moja hapa Al Thumama. Ngoja wajue!"

Chebet hakucheka. Aliirudisha video mwanzo, akaitazama tena, na tena. Alikuwa muuguzi, na macho yake yalizoea kutafuta jambo dogo lisilo sawa. Kosi alikuwa na kovu upande wa kulia wa taya, kutoka chini ya sikio hadi karibu na kidevu, kovu la mshono ulioshonwa vibaya. Ndilo jambo la kwanza alilolitambua siku walipokutana. Katika video hii halikuwapo. Alifungua nyingine, na nyingine. Halikuwapo kokote. Kwani walimpaka nini?

Walikutana kwa sababu ya sanduku. Chebet alikuwa amerudi kutoka likizoni Kapsabet, sanduku lake likabaki njiani. Siku iliyofuata alipigiwa simu na mwanamume mwenye sauti ya upole, kutoka kitengo cha mizigo iliyopotea pale uwanja wa ndege. "Sista, tumelipata sanduku lako," alisema. "Lakini lina kibuyu kinachonuka moshi, na walinzi wanakiogopa. Tafadhali, hiki ni kitu gani?" Chebet alimweleza kuwa ni sotet, kibuyu cha mursik, na mursik ni maziwa ya kwao, hugandishwa na kutiwa unga wa mkaa wa mti maalumu. Mwanamume akauliza ni mti gani. Akauliza kwa nini mkaa. Akauliza kama watoto wanayanywa. Waliongea hadi mkubwa wake akamwita, na siku mbili baadaye alikileta kibuyu mwenyewe, amekipakata kama mtoto mchanga.

Tangu hapo walikuwa wakikutana mahali pa watu, kwa kikombe cha karaki, chai nzito ya maziwa ya huko, na kila Ijumaa kanisani.

"Hiyo video ya kiatu si mbaya sana," Kerubo alisema. "Mbaya ni hii."

Video ya pili ilionyesha ua wa nyumba kijijini. Vijana waliovaa fulana za Kosizo walikuwa wakishusha kreti na madumu ya mvinyo wa mnazi huku wakiimba. Mzee mwenye kofia nyekundu alikuwa ameketi kwenye kiti kikubwa, ndugu zake kando yake. Alipokea kikombe, akakiinua mbele ya kamera, akanywa.

Chebet alishika ukingo wa meza. Yeye ni Mnandi. Hakuhitaji kutafsiriwa.

"Huyo ni baba wa Uzoamaka," Kerubo alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Mashabiki walimpelekea vinywaji vya posa kwa niaba ya Kosi. Na mzee akanywa."

Simu ya Chebet ikalia palepale. Alikuwa Mutai, kaka yake.

"Nimetumiwa video," Mutai alisema bila salamu. "Mlete huyo kijana kwangu Najma baada ya ibada. Leo jioni nampigia mama. Nilikuwa nimpe habari njema, Chebet. Sasa sijui nitampa habari gani."

*

Tangu baba yao afariki, Mutai ndiye aliyesimama mahali pake. Alikuwa msimamizi wa madereva wa mabasi ya shule, mtu mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na alipenda utaratibu kuliko chakula. Neno lake ndilo lingefika kwa mama. Naye Chebet alikuwa amemwahidi Mungu, magotini, kwamba hataolewa kwa kuwaumiza watu wake. Mutai akisema hapana, itakuwa hapana, hata moyo ukipasuka.

Wakati wa ibada hakusikia mahubiri. Aliomba ombi moja tu, kwa maneno machache: "Bwana, nionyeshe kilicho kweli, hata kama sitakipenda."

Kosi alikuwa akimngoja nje, kwenye kivuli cha ukuta. Alikuwa amevaa shati jeupe, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala.

"Umeona," alisema.

"Nimeona."

"Basi uliza. Uliza chochote."

Walizoea kuongea Kiingereza, kila mmoja na lafudhi ya kwao.

"Ulimpenda?"

"Mkifungiwa ndani miezi mitatu bila simu, bila kitabu, hata saa ya ukutani hakuna, utampenda yeyote anayekuchekesha. Tulipotoka tulikwenda kula, sisi wawili tu. Tukaagiza chakula, tukala, tukaagiza kingine ili tusikae kimya. Tuliagana kwa amani, Chebet. Nikapata kazi huku, nikaondoka. Mashabiki ndio waliokataa."

"Na mvinyo?"

"Nilikuwa nimeshafika Doha. Niliuona kwenye simu kama ulivyouona wewe, nikadhani ni mchezo wa kuigiza. Nikaandika hadharani kwamba sikumtuma mtu. Loo! Ndipo nilipokuwa adui. Walisema nimemtelekeza binti wa watu. Mzee wake nilimpigia, akakata. Nikapiga tena, akakata. Kwake mimi ni kijana aliyemposa binti kisha akaruka ukuta."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu kila mtu ninayekutana naye ananijua kabla sijafungua mdomo. Wewe uliniuliza jina langu, kisha ukangoja jibu." Aliinamisha kichwa. "Niliitaka hali hiyo iendelee kidogo. Nilikosea, naungama."

Chebet alitazama kando, kwenye watu waliokuwa wakipigana picha baada ya ibada. Kisha akauliza lile lililomkaa kooni tangu asubuhi.

"Na yale macho, Kosi? Ulimtazama vilevile unavyonitazama mimi. Nitajuaje?"

"Sina macho mengine," Kosi alijibu polepole. "Mungu alinipa haya mawili tu. Ningekuwa na mengine ningekuwekea wewe peke yako."

Lilikuwa jibu zuri. Chebet alilipenda, na kwa kulipenda akaliogopa. Mtu aliyekaa miezi mitatu mbele ya kamera angekosaje jibu zuri?

"Twende," alisema. "Kaka yangu anangoja."

*

Nyumba ya Mutai ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la fundi cherehani, katika mtaa wa Najma ambako kila mlango una harufu yake ya mchuzi. Mezani palikuwa na ugali, kuku na sukuma wiki. Kando, peke yake, kilisimama kile kibuyu. Chebet alikuwa amempa kaka yake, naye aligandishia maziwa ya dukani ndani yake, akalalamika kila wiki kwamba ng'ombe wa huku hawajui kazi yao.

Kerubo naye alikuja. Hakualikwa, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mutai aliombea chakula kwa muda mrefu sana, akataja wagonjwa, wasafiri na mayatima. Alipofika kwa "vijana wanaodanganyika na mitandao" alifungua jicho moja akamwangalia Kosi. Kosi alisema amina kwa sauti kuliko wote.

"Kula," Mutai alimwambia. "Sihoji mtu mwenye njaa."

Kosi alikula. Mutai alimtazama akila, akaona anaumega ugali vizuri kwa vidole, hilo likamkera kwa sababu lilimpendeza.

"Sasa," alisema baada ya kunawa. "Mimi si mtu wa mitandao. Mimi ni mtu wa taratibu. Kwetu, kinywaji kikiingia nyumbani kwa msichana kikanywewa, limekwisha. Huyo mtu ana mke. Kwenu ikoje?"

"Kwetu ni hivyo hivyo, Oga Mutai," Kosi alijibu, akimwita mkubwa kwa neno la kwao.

"Haya! Umejihukumu mwenyewe."

"Lakini Kaka Mutai, si yeye aliyepeleka!" Kerubo alidakia.

"Kerubo, wewe ni wakili wa nani?"

"Wa ukweli, bana."

"Ukweli ale kuku anyamaze." Mutai alimgeukia tena Kosi. "Mzee alikunywa au hakunywa?"

"Alikunywa."

"Basi anayeweza kuufungua mlango huo ni yeye peke yake. Mimi siwezi kumpa dada yangu mtu ambaye mzee mwingine huko duniani anamhesabu kuwa mkwe wake. Hata Mungu atanishangaa."

Chebet aliinamisha uso. Aliona machozi yakikaribia, akayazuia, kwa kuwa kaka yake alikuwa na haki. Hilo ndilo lililouma.

"Mpigie," alisema ghafla.

"Nani?"

"Mzee. Kosi akipiga anakata. Lakini wewe ni kaka wa msichana. Mtu mzima akiomba kuongea na mtu mzima, hatakata."

Mutai alikohoa, akanyoosha kola. Wazo lile lilimwogopesha, lakini lilikuwa la utaratibu. Kosi alimwandikia Uzoamaka, ambaye kwa bahati alikuwa kijijini kwa baba yake. Jibu lilirudi kabla hawajamaliza kuondoa sahani: "Mwambie apige sasa hivi. Mimi mwenyewe nimechoka kuwa bibi harusi wa mtandaoni."

Mutai aliiegemeza simu kwenye kibuyu. Uso wa mzee ukatokea, kofia nyekundu kichwani, na nyuma ya bega lake msichana wa kwenye video, bila vipodozi, amefunga kitambaa.

"Mzee Okwuosa, shikamoo yetu huku," Mutai alianza kwa Kiingereza chake cha mikutano. "Mimi ni Mutai. Nasimama mahali pa baba yangu."

"Mimi nasimama mahali pangu mwenyewe," mzee alijibu. "Sema."

"Nimesikia ulipelekewa mvinyo."

"Nililetewa. Nikanywa. Na aliyeuleta jina lake ni Kosi."

"Daddy, nimekwambia mara ngapi—"

"Uzoamaka, wazee wanaongea." Mzee akasogeza uso karibu na kamera. "Wewe bwana Mutai, mimi si mtoto. Walikuja watu, wakaketi, wakasema wametoka kwa Kosi. Nikawapokea vizuri, nikawaita ndugu zangu. Kesho yake kijana anaandika duniani kote kwamba hakumtuma mtu. Aliniandika mimi kama mzee mlevi anayekunywa pombe ya njiani."

Kosi alifunika uso kwa mkono mmoja. Ni dhahiri hakuwahi kulifikiria jambo hilo kutoka kwenye kiti cha mzee.

Mutai alikuna kidevu. Kidogo kidogo alikuwa akisahau hasira zake, kwa sababu jambo lenyewe lilianza kumvutia. "Mzee, niruhusu niulize. Kwetu, wageni wa posa wakija, mtu wa kwanza kusimama ni mjomba au baba mdogo. Anataja ukoo. Anataja babu. Kwenu ikoje?"

"Hivyo hivyo."

"Hao wageni walimtaja babu yake Kosi?"

Mzee aliivuta kofia yake. Nyuma yake Uzoamaka alianza kutabasamu.

"Daddy, mwambie."

"Niliwauliza," mzee alisema bila furaha. "Wakatazamana. Mmoja akatoa simu, akaanza kutafuta."

"Alitafuta babu wa mtu kwenye simu?"

"Akakuta umri wake na chakula anachokipenda."

Kerubo alibana mdomo kwa viganja vyote viwili. Mabega ya Mutai yalitikisika, lakini alijikaza kiume.

"Na ukanywa, mzee?"

"Kamera zilikuwa tano, bwana Mutai! Majirani wote uani. Mtu akiwa mbele ya kamera hataki kuuliza swali la pili." Mzee akashusha pumzi ndefu, na ghafla akaonekana amezeeka. "Nilifurahi. Nilidhani binti yangu amepata mtu. Hilo tu."

Hapo Kosi alisimama. Aliizunguka meza, akapiga magoti mbele ya simu, goti moja kisha la pili, na paji la uso likakaribia meza.

"Papa, nisamehe. Nilikuwa naujibu umati. Sikukumbuka kwamba katikati ya umati kuna baba. Ilinipasa nipande ndege nije kukueleza uso kwa uso kabla ya kuandika neno. Mjomba wangu yuko Nnewi. Nitamwomba aje kwako na mvinyo, yeye anayejua babu yangu, na babu wa babu yangu, akurudishie heshima yako mbele ya ndugu zako hao hao."

Mzee alimtazama. "Inua uso," alisema. "Geuka. Hilo kovu umelipata huko Uarabuni?"

"Hapana, Papa. Nililipata nikiwa mdogo. Nilianguka kutoka kwenye mwembe wa shule."

"Nilikutazama kwenye televisheni kila jioni miezi mitatu. Sijawahi kuliona."

"Waliniambia kamera hailipendi. Kila siku nilipangiwa pa kukaa, upande huu usionekane. Hata kitandani nililalia upande mmoja."

Chebet alisimama kama aliyeguswa na maji baridi. Macho yake yalikwenda kwenye kiti ambacho Kosi alikuwa amekalia. Akakumbuka mabenchi yote, vikombe vyote vya karaki, ibada zote. Kila mara Kosi alikaa kushoto kwake. Kila mara upande uliokuwa karibu naye ulikuwa huo, wenye kovu. Alikuwa amelitazama hadi akalijua kila mshono, na wala hakuwahi kujiuliza kwa nini aliliona vizuri hivyo.

Macho alimpa Uzoamaka pia. Upande huu hakuwahi kumpa mtu.

"Mjomba aje," mzee alikuwa akisema. "Alete chupa mbili nzuri, si zile za wale watoto, zilinipa kiungulia. Tutakunywa, nitatamka mbele ya ndugu zangu, na kijana atakuwa huru." Kisha jicho likamng'aa. "Lakini wewe bwana Mutai, unamtaka huyu kijana kweli?"

"Mimi? Sijasema namtaka."

"Basi kwa nini umetumia saa nzima kumfungua kamba?"

Uzoamaka alicheka hadi akatoka kwenye picha, na sauti yake ikasikika kutoka mbali: "Chebet, dada, mchukue! Anakoroma, lakini mchukue!"

Simu ikakatika. Chini, cherehani ya fundi ilinguruma, ikanyamaza.

Mutai alikivuta kibuyu, akakitikisa taratibu, akamimina mursik kwenye kikombe. Ilitoka nzito, yenye rangi ya jivu. Akakisogeza kikombe mbele ya Kosi.

Kosi alinyoosha mkono, kisha akausimamisha hewani.

"Oga, nikinywa hii, inamaanisha nini?"

"Ah!" Mutai alisema. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu waziwazi. "Sasa umejifunza kuuliza. Inamaanisha ngoja hadi mjomba wako afike kwa mzee. Ikishakuwa hivyo, wazee wako wajiandae kuja Kapsabet, na wasije na mtu wa kutafuta babu kwenye simu. Na inamaanisha nampigia mama sasa hivi."

"Ngojeni, msinywe!" Kerubo alipaaza sauti, simu imeinuliwa. "Kosi, geuka kidogo huku kwenye mwanga."

"Weka chini, Kerubo," Chebet alisema kwa upole.

Kerubo aliiweka.

Chebet alivuta kiti, akakaa mahali pake pa siku zote, kulia kwa Kosi. Kosi alikishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa hadi tone la mwisho. Alipokishusha, mstari mwembamba wa mkaa ulibaki juu ya mdomo wake, na chini yake kovu lilikuwa wazi kabisa, karibu kiasi cha kuguswa.

"Kuna mkaa umebaki," Chebet alimwambia.

"Upande gani?"

"Upande wangu," alisema, akamfuta kwa kidole gumba, kaka yake akijifanya anatafuta namba ya mama.